Mlango wa Chini wa Meli Mugisho

Bashige alifika Kamembe, upande wa Rwanda, kwa dada yake Sandrine akiwa na mfuko mmoja wa nguo, akasema atakaa wiki mbili. Huu ni mwaka wa tisa. Chumba alichopewa kilikuwa stoo ya unga nyuma ya nyumba, chenye dirisha moja linalotazama ziwa. Ng'ambo yake kulikuwa na mabati ya Bukavu, mji aliozaliwa upande wa Kongo, karibu kiasi kwamba jua likipiga vizuri aliweza kuhesabu madirisha ya shule aliyosomea. Kwa pikipiki, daraja la mpakani halikuwa mbali. Hakuvuka tena hata mara moja. Wala hakukanyaga tena chombo chochote cha majini, yeye aliyekuwa fundi mashine wa meli kwa miaka kumi na tisa.

Ndani ya chumba hicho alikuwa akijenga meli ndogo.

Alizijenga kwa vipimo vikali: sentimita moja mezani ilikuwa nusu mita ya meli yenyewe. Alianza na mkuku, uti wa mgongo wa chombo, akachonga mbavu moja moja, kisha akabandika vibao vyembamba alivyovilowesha kwenye maji ya moto ili vikubali kupinda. Reli za kushikia zilikuwa nyaya za shaba alizozichuna kutoka mabaki ya mafundi umeme. Ubavu aliufunika kwa bati la mikebe ya nyanya, akaligonga kwa ncha ya sindano, nukta baada ya nukta, hadi likatoka vipele kama vichwa vya misumari. Vioo vya madirisha vilitokana na pakiti za vidonge. Nzabonimana, mume wa Sandrine, aliyeendesha lori la saruji kutoka Muganza, alimletea mbao na gundi, na katika miaka yote hiyo hakumuuliza hata siku moja atahama lini.

Zote zilikuwa meli ile ile, Mugisho, iliyokuwa ikibeba watu na mizigo kati ya Bukavu na Goma, mpaka asubuhi moja ya upepo ilipolala ubavu, dakika arobaini tu baada ya kung'oa nanga. Bashige aliokoka. Alikuwa amekwisha kujenga Mugisho tano. Moja ilisimama katika ukumbi wa parokia, na watu waliotoka misani walipenda kuinama kuitazama, wakistaajabia kengele iliyokuwa ndogo kuliko punje ya mtama.

Hapo ndipo Odette alipoiona. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, rafiki wa Sandrine wa sokoni, na Jumapili hiyo alikuja kwa ubatizo wa mtoto wa mteja wake. Alisoma jina la meli ile, akaketi kwenye benchi la karibu, akabaki hapo hata wenzake walipoitwa kula. Alasiri Sandrine alimleta mpaka kwenye mlango wa stoo.

"Yaya," Sandrine alimwambia kaka yake, "huyu ni Maman Aurore. Mutoto wake alikuwa ndani ya Mugisho."

Bashige alisimama, akapangusa vumbi la mbao kwenye kiti. Mezani kulikuwa na Mugisho ya tano, imekwisha kupakwa rangi. Odette hakuketi.

"Papa Bashige, njo unionyeshe kiti kwenye mutoto wangu alikuwa anaikala."

"Alikuwa na tiketi ya wapi?"

"Ya chini. Alikuwa anaenda kuanza masomo Goma. Miaka kumi na tisa." Akaizunguka meza taratibu. "Juu umejenga yote. Viti, kengele, hata kamba. Chini mbona ni gogo tu? Hakuna mulango, hakuna kitu."

"Ndani haionekane, Maman. Ndiyo sababu."

Odette alimtazama. "Alinipigia simu wakiwa katika ziwa. Aliniambia, 'Maman, huku chini kuna joto, na mulango bameufunga.' Halafu simu ikakatika. Nilienda kusema hiyo kwa bakubwa ba uchunguzi. Banasema nilisikia vibaya, fundi wa meli alisha kuapa kwamba mulango ulikuwa wazi." Akagusa ubavu wa meli. "Fundi ni weye, si ndiyo?"

"Ni miye."

"Basi nilisikia vibaya?"

Bashige alianza tena kupangusa kiti kilichokwisha kupanguswa. Alisema kwamba ni zamani, kwamba siku ile kulikuwa na kelele nyingi. Odette aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji asiyoiamini, akafunga kitenge chake vizuri akaondoka.

Kwa wiki nzima Bashige hakushika patasi. Ndege za uwanja wa Kamembe zilipita juu ya bati, naye alilala chali akizisikiliza. Chumba kilianza kumbana. Alitoka nje akatembea hadi kwenye ua wa miyenzi, ile miti ya utomvu iliyozunguka nyumba, akarudi. Akatoka tena, akarudi. Aende wapi? Huku Rwanda palikuwa na wema wa shemeji, ambao kila siku ulimzidia uzito. Kule Bukavu palikuwa na wazazi kama Odette. Katikati palikuwa na maji.

Siku ya nane alichukua ubao mpya akaanza Mugisho ya sita. Safari hii hakuchonga gogo. Aliacha tumbo wazi, na sakafu ya juu akaifanya iweze kunyanyuliwa kama kifuniko cha sufuria.

Ilimchukua miezi minne. Mikono, iliyokuwa ikifanya kazi hata akiwaza mengine, sasa ilikosea vipimo. Alitengeneza mabenchi ya chini, safu sita kila upande, na ilimbidi akumbuke kila moja lilivyokuwa. Alitengeneza ngazi ya vidato tisa. Juu ya ngazi alitia mlango wa chuma, kipande cha bati kisichozidi ukucha, na kwenye mlango akatia komeo. Komeo hilo peke yake lilimla siku tano. Mara tatu alilitupa. Sandrine alipomletea chakula alimkuta amelishika kwa kibanio, machozi yakimtiririka, naye akaweka sahani chini akatoka.

Ilipokamilika alimwomba dada yake amwite Odette.

Alikuja Jumamosi, mchana. Bashige hakumkaribisha kwa maneno mengi. Alinyanyua sakafu ya juu, akaiweka kando, akamwachia aone.

"Aurore alisema kweli," alisema. "Nawe ulisikia vizuri. Mulango ni mimi niliufunga."

Odette aliishika meza kwa mikono miwili.

"Kulikuwa na upepo. Bantu ba chini walikuwa wanapanda juu kutafuta hewa, meli ikaanza kulalia upande. Kapiteni akasema, funga, bakae chini wasituangushe. Nikapiga komeo. Nilifikiri ni ya dakika kumi." Akaonyesha komeo kwa ncha ya kidole. "Ilipoanguka nilikuwa hatua sita na ule mulango. Niliwasikia bakigonga. Nilienda hatua mbili. Maji yakafika, nikaruka. Sikurudi. Kapiteni alikufa, hakuna mwingine aliyejua. Kwa uchunguzi nikasema ulikuwa wazi."

Kisha Odette aliingiza kidole tumboni mwa meli, akakipitisha juu ya mabenchi, moja baada ya jingine.

"Huku kulikuwa na dirisha?"

"Mawili. Madogo. Hayafunguki."

"Kwa hiyo ziwa alikuwa analiona."

"Alikuwa analiona."

Aliutoa mkono wake. Hakulia mbele yake, wala hakumlaani, na Bashige aliona afadhali angemlaani. Alisema tu, "Siko peke yangu. Tuko familia kumi na mbili, tunakutanaka kwa parokia. Utakuja Bukavu, useme hivi mbele yao."

"Nitakuja."

Jumamosi iliyofuata alivaa koti, akaifunga meli katika shuka, yeye na Odette wakaenda Rusizi ya pili, daraja la mpakani. Askari alitazama kitambulisho chake, akafunua shuka, akasifu kazi, akamruhusu kupita. Odette alitangulia. Wachuuzi walimpita Bashige na mabeseni ya nyanya na trei za mayai. Alifika katikati ya daraja, akasikia mto chini ya miguu yake ukigonga nguzo. Ukagonga tena. Alisimama ameikumbatia meli, watu wakimpigia kelele asogee, hakuweza kwenda mbele. Mwisho mwanamke mmoja mwenye beseni akamshika mkono akamrudisha alikotoka.

Odette alirudi akamkuta ameketi juu ya jiwe upande wa Rwanda, jasho limelowesha koti.

"Siwezi, Maman."

"Nimeona," alijibu. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Basi batakuja huku. Lakini usifunge mulango wa nyumba yako."

Wakaja. Jumamosi ya kwanza walikuja wanne, ya pili watano. Bashige alinyanyua sakafu ya meli na kusema yale yale, tangu mwanzo hadi mwisho, kila mara bila kupunguza. Mama mmoja alimtemea mate. Kijana mmoja alitaka kujua kama ndugu yake angeweza kuuvunja ule mlango, na Bashige akajibu ukweli, kwamba hapana. Niyonsaba, mwalimu jirani, aliyaandika maelezo yake kwenye karatasi tatu, Bashige akatia sahihi, Odette akayavusha hadi kwa wakubwa wa uchunguzi Bukavu. Majibu hayajaja. Sandrine anaogopa kwamba akikanyaga ng'ambo sasa atakamatwa. Bashige haogopi hilo. Anaogopa kwamba hawatamwita kabisa.

Aliyemshinda kuliko wale wote ni mzee mmoja, Mukengere, aliyepoteza mke na mabinti wawili. Mzee huyu hakuuliza swali wala hakumlaumu. Huja kila Jumamosi, huvua kofia, huketi mbele ya meli iliyo wazi kwa muda wa saa nzima. Sandrine humletea chai, naye huinywa yote. Kisha huaga kwa adabu, "Tutaonana juma lijalo, Papa," na Bashige, ambaye hana pengine pa kwenda, humjibu, "Karibu, Mzee."