Mkanda Uliong'arishwa Nusu

Njuki ni mtu wa Kanja, upande wa Embu, lakini kazi yake iko hapa Nkubu, katika kibanda kilichopakana na changu. Mimi hushona viti vya magari. Yeye hung'arisha bampa, na ile mikanda ya chuma cha stenlesi inayopita ubavuni mwa magari ya zamani. Mashine yake ni mota ya pampu ya maji aliyoifungia gurudumu la vitambaa. Vitambaa ni vya blanketi kuukuu, na huvishona mwenyewe, kwa sababu mishono yangu, anasema, ni ya kukaliwa tu.

Kidole chake kimoja hakina ncha. Siku moja alikuwa na hasira, gurudumu likanyakua mkanda, nao ukaondoka na ncha hiyo. Tangu hapo hagusi mashine akiwa na hasira, wala mteja akija na hasira. Atakuambia uketi kwanza. Mimi si msemaji, kwa hivyo tunaelewana.

Jumatano moja alikuja Karwirwa, mke wa mzee Kaimenyi. Kaimenyi alikuwa dereva wa lori la kahawa, na hapa anajulikana kwa gari lake, Pijo 404 nyeupe ambayo hata kuku hawaruhusiwi kupita chini yake. Karwirwa alikuwa amebeba kitu kirefu ndani ya leso, amekikumbatia kama mtoto.

"Fundi, nimeharibu," alisema kabla ya salamu.

Ulikuwa mkanda wa mlango, umekuwa wa rangi ya jivu, na mikwaruzo inazunguka juu yake. Alieleza. Binti yao Joyline angeolewa Jumamosi, na Pijo ndiyo ingempeleka kanisani. Jumatatu akina mama wa kanisa walikuja kusugua sufuria kubwa za sherehe kwa majivu, mchanga na waya. Sufuria ziling'aa vizuri. Karwirwa akatazama mikanda ya Pijo, akaiona imefifia, na waya bado uko mkononi.

"Pande zote mbili?" Njuki aliuliza.

"Pande zote. Tulikuwa tunaimba."

Njuki alicheka, kisha akanyamaza alipoona mama hacheki.

Kaimenyi hakugomba, alisema Karwirwa. Alitazama, akafunika gari kwa turubai, akasema Joyline abebwe na gari la watu wa bwana harusi. Tangu siku hiyo hakumsemesha mke wake, wala hakugusa chai yake. Alikunywa maji.

"Joyline analia. Anasema hawezi kushuka kanisani kutoka gari la watu, kama mtu asiye na baba. Mkanda huu ulichomoka nikisugua, nikauficha. Utatengenezeka?"

Njuki aliupitishia kidole gumba. Alichukua msasa, akaulowesha, akasugua kufuata urefu wa mkanda, kisha akatumia msasa laini zaidi. Ndipo akawasha mashine. Aliusogeza mkanda bila kusimama, maana ukisimama mahali pamoja chuma huungua na kuingia rangi ya buluu. Jivu likaondoka, na mabati ya paa langu yakaonekana ndani yake. Alipofika katikati akazima.

"Mbona umeacha?"

"Hapo panatosha. Mpelekee mzee hivyo."

"Nusu? Fundi, unataka nifukuzwe?"

"Mama, nikiumaliza atautundika ukutani, na gari libaki chini ya turubai. Huu wa nusu hautamwacha alale."

Karwirwa aliufunga akinung'unika kwamba Waembu hata ugali hula nusu. Mimi pia niliona Njuki amekosea, ila sikusema. Kesho yake asubuhi hakuanza kazi yoyote. Alitazama barabara tu.

Chai ya saa nne haijafika, Pijo ikaingia. Kaimenyi alishuka na mkanda mkononi kama fimbo. Karwirwa alikuwa ameketi nyuma na kikapu cha thamosi.

"Nani alikufundisha kuacha kazi katikati?"

"Mzee, keti kwanza."

"Sikuja kuketi!"

"Basi mashine haiwaki," Njuki alisema, akamwonyesha kile kidole.

Kaimenyi alikitazama. Akaketi kwenye kiti ambacho nilikuwa bado sijakimaliza kushona, na sikumzuia. Baadaye aliinuka, akaifungua mikanda mwenyewe, klipu kwa klipu, hakutaka mtu amsaidie. Njuki aling'arisha mpaka jua likageuka.

Kazi hiyo huacha mafuta meusi, na Njuki huyatoa kwa unga wa mahindi na kitambaa laini. Alimpa Karwirwa unga.

"Mimi tena?" Karwirwa alirudisha mikono nyuma, akamtazama mumewe.

"Nguvu zako tumeziona," Kaimenyi alisema. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu Jumatatu. "Sasa polepole."

Karwirwa akapangusa, unga ukamwagika kwenye viatu vyake. Mkanda mmoja tu, wa mlango wa nyuma kushoto, ulibaki na mkwaruzo. Njuki alisema akiendelea chuma kitakuwa chembamba. Kaimenyi aliusogeza karibu na macho. Sindano yangu ilisimama.

"Funga hivyo hivyo," alisema. "Joyline atashukia upande ule mwingine."

Karwirwa alijipangusa unga mikononi. Alifungua thamosi, akammiminia Njuki, akanimiminia mimi, akajimiminia mwenyewe, akafunika.

"Na mimi?" Kaimenyi akauliza. "Ama dereva wa harusi hanywi chai?"

"Nilidhani wewe ni mtu wa maji," Karwirwa alisema, lakini kikombe cha nne kilikuwa tayari mkononi mwake.