Kenge wa Zizi Letu

Nilipokuwa mtoto kwetu Wamagana, kulikuwa na kenge mrefu kunipita. Aliishi mtoni, chini ya shamba, na jua likiwa kali alipanda kupitia majani ya nepia hadi zizini, polepole, kama mwenye boma. Tuliambiwa kwamba mkia wake ungevunja mguu wa mbwa.

Nyanya yangu, tuliyemwita Cucu, alijua jambo baya zaidi. "Kenge hunyonya ng'ombe," alisema. "Na ng'ombe ikishanyonywa, maziwa hairudi."

Maziwa ya Gathoni, ng'ombe wetu wa pekee, yalikuwa yamepungua hadi nusu ndoo. Baba aliamini, akakubaliana na mwenye bucha aje Jumamosi. Mimi ndiye niliyemkatia Gathoni nyasi, naye alizoea kunilamba shingo. Wiki hiyo nilimfuata Cucu jikoni.

"Cucu, umemwona akinyonya?"

"Nani anangojea kuona? Mamangu aliniambia."

"Basi twende tungojee."

"Ati wewe wa kunyamaza, leo uko na mdomo." Lakini alichukua panga, tukajificha nyuma ya rundo la nepia.

Kenge akaja. Ulimi wake wa panda ulitoka na kurudi, ukionja hewa. Akapita chini ya tumbo la Gathoni, na Gathoni akaendelea kucheua. Cucu alinibana mkono. Kenge hakuinua kichwa. Alienda kwenye samadi, akafukua kwa kucha, akala funza, kisha akapanda horini, ambamo kuku wetu alikuwa akitaga kwa siri. Alimeza yai zima, akarudi mtoni.

Cucu alikuwa bado anahema wakati ndama wa Gathoni, aliyefungiwa upande wa pili wa zizi, alipopenyeza kichwa kwenye ubao uliovunjika, akaanza kunyonya, mkia ukicheza.

"Kumbe mwizi ni wa nyumba," Cucu akasema, akacheka hadi panga likamponyoka.

Baba alipigilia ubao jioni hiyo. Jumamosi mwenye bucha alikunywa chai, tena ya maziwa mengi, akaenda zake.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, naye akawa analia njaa, majirani walisema nimetupiwa jicho baya, likakausha maziwa. Niliogopa. Wala simcheki Cucu; anayependa kitu huogopa haraka. Lakini niliketi mlangoni penye mwanga, nikamtazama mtoto akinyonya, nikaona midomo haijashika vizuri. Nikamgeuza kidogo. Nikasikia koo lake likimeza.