Intaneti Inayokatika Alasiri

Mwalimu Sumaia ni jirani yangu. Nyumba yake na msikiti wetu hapa Mocímboa da Praia ziko ukuta kwa ukuta, na dirisha lake la sebuleni linafungukia baraza tunayokaa wanaume tukishaswali. Mimi natengeneza baiskeli upande wa pili wa barabara, kwa hiyo mengi ya kwake nayasikia hata nisipotaka.

Zamani alisomesha Kurani watoto arobaini. Tulipoukimbia mji wakati wa vita kila familia ilishika njia yake, na tuliporudi wengi hawakurudi. Sumaia alikuta ukumbi wake wa kusomeshea mtupu na mbao za kuandikia zimegeuzwa kuni. Akashona kofia miezi mingi, akanunua kisanduku cha intaneti ya nyumbani, akawatafuta wazazi kwa simu mmoja mmoja. Akapata watoto tisa: wengine Pemba ya huku kwetu Msumbiji, wengine Montepuez na Nampula, mmoja Mtwara. Saa kumi jioni anaegemeza simu kwenye kopo la maziwa, anaanza. Ni mkali kama alivyokuwa. Mtoto akitamka herufi vibaya anarudishwa mwanzo wa sura, na umbali haumsaidii.

Miezi miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha intaneti ikaanza kukatika. Asubuhi inafanya kazi vizuri, usiku vilevile, lakini ikishapita swala ya alasiri nyuso za watoto zinaganda midomo wazi na sauti inakuja vipande vipande. Kusahihisha usomaji wa Kurani kwa namna hiyo hakuwezekani, maana mwalimu hajui kama mtoto ameruka neno au mtandao umelimeza. Saa haikuweza kubadilishwa, kwa sababu watoto wengi hutumia simu za mama zao, na mama hawarudi mapema kutoka sokoni. Darasa likapungua mpaka wakabaki wanne.

Aliyekuwa mbele ya wote ni Nasrin, msichana wa miaka kumi na moja aliye Nampula. Jumatatu moja mama yake, Mwanawetu, alituma ujumbe wa sauti. Sumaia alikuwa dirishani akiusikiliza, nami nikausikia.

"Mwalimu, nakuheshimu, lakini mtoto anasahau. Nasubiri mpaka Ijumaa. Isipotengemaa nampeleka chuo cha Kurani cha hapa jirani."

Wale watatu wengine walikuwa wakimfuata Nasrin. Yeye akiondoka, darasa limekwisha.

Jumanne Sumaia akaenda kwenye duka la kampuni ya intaneti. Palikuwa na kijana mmoja mwenye shati la kampuni, Gildo, mtu wa Nampula. Gildo akamwambia azime kisanduku, ahesabu mpaka mia, awashe. Akazima, akahesabu, akawasha, na alasiri ikakatika. Jumatano asubuhi Gildo akamwambia akisogeze dirishani. Akakisogeza, na siku ile ilikuwa mbaya kuliko zote. Alipopiga namba ya malalamiko, mashine ikamjibu kwa Kireno na kumpigia muziki mpaka salio likaisha.

Alhamisi akarudi dukani. Gildo akashauri anunue kifurushi kikubwa zaidi, au yeye aje kuangalia asubuhi ya kesho yake.

"Asubuhi hakiumwi," Sumaia akamwambia. "Njoo mgonjwa akiwa na homa. Njoo leo alasiri."

Gildo akasema saa zile huwa anafunga. Sumaia akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa kofia yake na sindano, akaanza kushona. Alasiri wakatoka pamoja.

Tulikuwa tumeshaswali, tumejaa barazani, kila mmoja na simu yake. Nilimwona Gildo akiingia, nikaificha simu yangu mapajani. Dirisha lilikuwa wazi. Akamuuliza mwalimu neno la siri la kisanduku. Sumaia akalitaja kwa sauti ndogo.

"Bismillah?" Gildo akarudia. "Na nyumba iko ubavuni mwa msikiti?"

"Nilitaka kianze kwa heri," Sumaia akasema.

Gildo akafungua ukurasa fulani kwenye simu yake, akahesabu. Simu kumi na tisa zilikuwa zimejiunga na kisanduku. Akaanza kusoma majina yaliyojitokeza: Issufo Mkubwa, Simba wa Bandarini, Fundi Baiskeli. Huyo wa tatu ni mimi. Niliinama nikajifanya nafunga kandambili.

Sumaia akatoa kichwa dirishani. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali kama angepaza.

"Issufo, unatazama nini?"

Issufo ni mchuuzi wa samaki wakavu, mtu wa maneno. Ndiye aliyejaribu lile neno kwanza, siku moja ya mvua, akatugawia wengine. "Mpira, mwalimu."

"Na mwanafunzi wangu anasoma vipande vipande ili wewe uone mpira."

"Tulidhani ni sadaka. Mlango unaofunguka kwa bismillah, tungejuaje umefungwa?"

Watu wakacheka. Hata Gildo alicheka. Mimi nilishindwa, kwa sababu nilijua tangu mwanzo na kila siku nilisikia darasa likikatika, nikaona haya kumwambia. Nikasimama, nikasema, "Nisamehe, mwalimu." Akaniangalia kidogo, akasema tutazungumza.

Gildo akataka neno jipya. Sumaia akamwandikia kwenye kiganja kwa kidole. Simu zote barazani zikanyamaza. Issufo alijaribu majina ya sura mpaka akachoka.

Saa kumi Nasrin akaanza Suratul Mulk. Sauti ilitoka dirishani nyembamba na safi. Mwalimu alimrudisha mara mbili kwa makosa ya kweli, naye akaenda mpaka mwisho. Barazani hakuna aliyekuwa na cha kutazama, tukasikiliza wote.

Kisha tukamsikia Mwanawetu.

"Mwalimu, kesho Ijumaa ni mapumziko. Jumamosi saa ileile?"

"Saa ileile."

"Ana mdogo wake, Muzamil. Unampokea?"

Sumaia akaiweka simu sawa kwenye kopo la maziwa.

"Mlete hapo," akasema. "Nimsikie alifu yake."