Idi Pili Niliyomtembeza Mkwe

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa karani, nimepanga chumba Temeke, na nilikuwa nimeposa kwetu bara. Baba wa binti hakujibu barua. Alipanda treni akaja mwenyewe, akaniambia kavukavu, "Nimekuja kuuona huo mji unaotaka kumleta mwanangu. Nikiridhika, utamwoa. Nisiporidhika, basi."

Haya! Bahati nzuri ilikuwa sikukuu, ofisi zimefungwa. Idi pili asubuhi nikampigia koti lake pasi, tukatoka kwa miguu. Nilikuwa nimeshapanga: Ilala, Kariakoo, kisha Mnazi Mmoja kwenye bembea na ngoma, tumalizie bandarini aone meli. Mzee angerudi kwao kinywa wazi, na mimi mke ninaye.

Hata Ilala hatukuimaliza. Watu wa Pwani, ukiwapita wanakula, hukwambia, "Karibuni!" Nawe hujibu, "Ahsante, starehe," ukaenda zako. Hilo nilijifunza mwaka wangu wa kwanza mjini, kwa aibu. Kwetu, mtu mzima akikukaribisha chakula ukapita, umemtukana. Basi nyumba ya kwanza iliyotukaribisha, mzee akavua viatu, akanawa, akala. Ya pili, akala. Ya tatu nikamnong'oneza, "Baba, hawa wanasema tu."

Akanikazia macho. "Mtu mzima atasemaje jambo asilolitaka?"

Na wenyeji wenyewe, si ndiyo kwanza wakafurahi! Wakampakulia pilau, wakamuuliza habari za mvua na ng'ombe, wakamfungia na vitumbua. Nikachanganyikiwa kabisa. Sikujua mjinga ni nani pale: yeye, wao, au mimi niliyelala njaa mara ngapi sijui huku nikijibu starehe.

Saa saba tukafika nyumba ambayo wanaume walijaa barazani kwenye majamvi, kanzu nyeupe tupu, masufuria yanafuka uani. Mtu mmoja akatuambia taratibu, "Karibuni." Mzee akaitikia kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Sikukuu njema, jamani! Mbona mmepoa hivyo, ngoma iko wapi?"

Mwenye nyumba akasema, "Karibu, baba. Mke wangu kafariki alfajiri. Tunamzika muda si mrefu."

Mungu wangu! Nikamvuta mzee koti. "Twende, baba, twende, tumeharibu." Akaupangua mkono wangu. Akavua kofia, akakaa jamvini, akamshika yule mfiwa mkono, na machozi yakamtoka. Mimi nikavuka barabara, nikajibanza nyuma ya duka la Mhindi lililofungwa. Nilijidai namsubiri. Uongo mtupu, niliona aibu, na kichwani nilikuwa na neno moja tu, kwamba posa yangu ndiyo imekwisha.

Jeneza likatoka. Wanaume hupokezana mabega, hata mpita njia hujongea akabeba hatua mbili tatu. Mzee naye, Mkristo wa bara asiyemjua hata mmoja wao, akatia bega, akaenda nao. Wakapita mbele yangu karibu kabisa. Nilijiuliza kama mtu wa kanisani anaruhusiwa kulishika. Yeye hakuna aliyemuuliza. Bado najiuliza, wao wamepita, mimi nimesimama palepale.

Alirudi alasiri, suruali imejaa udongo mwekundu. Tukashika njia ya Temeke. Bandari hakuiulizia. Karibu na nyumbani nikajikaza.

"Baba, mji umeuonaje?"

"Mji nimeridhika nao," akasema. "Watu wake ni watu. Mwanangu angekaa hapa nisiwe na hofu."

Moyo ukanipiga kwa furaha, nikataka kumshukuru. Akanizuia kwa mkono.

"Ila siku akifiwa, mumewe atakuwa nyuma ya duka. Huyo mume sijaridhika naye."

Mwaka uliofuata alimwoza kwa fundi cherehani mmoja wa hapahapa Temeke. Harusini nilialikwa.