Binti Mfalme Aliyeolewa Kabla ya Kuzaliwa

Tangu tumzike dada yangu, binti yake Zaina anaishi nami hapa Mahajanga, lakini mazungumzo yake yote humpelekea jirani, Rukia. Wivu ukanila. Nikaazima riwaya waliyoisoma pamoja, ya Kifaransa, ya binti mfalme na mchawi. Haikuniingia kichwani kabisa. Mchawi alikufa kwanza, kisha ndipo akaanza kuroga! Nikakazana tu.

Jana Zaina akaniuliza mbele ya Rukia, "Mama mdogo, umefika wapi?"

"Binti mfalme ameshaolewa," nikajigamba. "Sasa nangoja azaliwe."

Rukia akakitazama kitabu mikononi mwangu. "Shoga, umeanzia nyuma, kama unafungua msahafu!"

Kweli, kushika kitabu nilifundishwa chuoni, kwa Kurani. Zaina akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kichwa amekilaza begani kwa Rukia.