Gitaa Lililofuata Cherehani

Fundi alikuwa akipachika mfuko kwenye suruali ya shule mke mwenzake alipoingia, amebeba gitaa kavu, lisilo la umeme, ndani ya mfuko wa turubai. Alilishika mbali na kifua chake, kama mtu aliyebebeshwa kitu kinachonuka.

"Shikamoo, dada."

Fundi alikata uzi kwanza. Huyu ndiye aliyemchukua mume wake, akakaa naye mpaka akamzika. Kwenye msiba wenyewe fundi alikalishwa nyuma, na majirani.

"Marahaba. Sogeza vitambaa, ukae."

Mume yule, enzi zake, alikuwa wa kushinda kwenye kigoda, gitaa mapajani, fundi akimlisha. Cherehani ilikuwa ya kukanyaga, na mkanda wake ulikatika ukaungwa kwa waya. Kila kiungo hicho kilipopita kwenye gurudumu kililia *ta*, mwendo ukachechemea. Mume akaupenda ule mchechemeo. Alingoja kiungo kilie, ndipo adonoe nyuzi. Mke akishona pindo refu, gitaa lilikimbia. Akizungusha kola, lilipinda naye taratibu. Mke akajua anafuatwa. Akaanza kukanyaga kwa makusudi, hapa akichelewesha, pale akiharakisha, na nyimbo zikazaliwa hivyo, hazina hata neno moja. Wateja walikuja kuchukua nguo wakasahau kuondoka. Wimbo wenye maneno hukwambia lia au cheka. Zile zilikaa tu kando yako, zikakuacha ukumbuke mambo yako mwenyewe.

Kisha redio ikazipenda. Mume akaulizwa amezitoa wapi. "Kichwani mwangu," akajibu. Akahama na kichwa chake.

"Nimekuja kukuomba, dada," mke mdogo akasema. "Usishone alasiri."

Fundi akaangua kicheko. "Mume ulichukua. Sasa unataka na cherehani? Nikukatie na mguu?"

"Usinicheke. Kwangu hakuna cherehani. Lakini tangu azikwe, kila alasiri nasikia moja chumbani kwake, inakwenda ikichechemea. Na gitaa hili linaifuata pale ukutani, hakuna aliyeligusa. Mwanzoni nilidhani panya."

"Panya wa jazi hao!"

"Jana ilikwenda polepole sana, halafu ikakatika ghafla."

Kicheko kikamkauka fundi. Jana alikuwa akitia lesi kwenye gauni la bibi harusi, na sindano ilivunjika katikati.

"Linapiga vizuri?" akauliza, sauti imeshuka.

"Vizuri mno. Ndiyo ninachoogopa. Chakula kinaungua, mtoto analia, na mimi nimekaa nasikiliza."

Fundi akaweka mguu kwenye kanyagio. Gurudumu likazunguka, kiungo kikalia. Ndani ya turubai, zipu imefungwa, gitaa likaitikia.

Vinyweleo vilimsimama, lakini mguu haukuacha. Akachelewesha, likachelewa. Akakaza mwendo, likakimbia naye, tamu kama zamani, na turubai haikutikisika hata kidogo. Mke mdogo akausukuma mfuko kwa mguu mpaka mlangoni. Haikusaidia kitu.

"Acha, dada! Nakuomba, acha!"

Akaacha. Gurudumu likasimama, gitaa likaendelea. Likafika pale kiungo kinapolia, likangoja. Likarudi nyuma, likajaribu tena, likangoja. Safari hii lilishuka chini kabisa, kama kipofu anayepapasa ukuta akitafuta mlango ambao haupo. Fundi alishika goti lake kwa mikono yote miwili, maana mguu ulitaka kwenda wenyewe.

Mke mdogo aliziba masikio. Akayazibua. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Dada, shona."

"Nyimbo ni za nani?"

"Jamani, dada, si wakati wake huu..."

"Ndio wakati wake. Mbele ya ndugu wote wa marehemu, utasema ni za nani?"

"Zako! Nitasema, baba mkwe asikie, mashemeji wote wasikie. Ni zako. Shona basi!"

Gitaa likanyamaza. Fundi hakumtazama mke mwenzake tena. Alikuwa akiutazama ule mfuko pale mlangoni.

"Na wewe, unakubali?" akauuliza.

Kisha uzi mmoja mnene ukalia ndani ya turubai, mara moja tu, mlio mfupi.

Fundi akaachia goti.