Mchuma Chai Aliyemwita Mama

Mama alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama pale Temeke. Kilianzishwa na bibi mmoja wa Kizungu, mke wa ofisa wa serikali, aliyekuja kutufundisha kushona na kufuma. Baba alikuwa karani bandarini, nyumba yetu ilikuwa ya bati, na mama hakuwa mtu wa kuambiwa neno na jirani. Siku zote alisema yeye ni mzaliwa wa Bagamoyo, ndugu zake wote walikwisha kwa ndui. Sikuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Nilikuwa nimetoka shule, mwali wa ndani, bibi yule alipoleta habari ya safari. Tungepanda lori mpaka milima ya Usambara, kwenye shamba la chai, tuwachezee wenyeji lelemama yetu, nao watuchezee ngoma yao. Baadaye wao wangeshuka kwetu. Wanawake walipiga vigelegele. Mama akasema mgongo unamsumbua.

"Bila mwenyekiti hakuna safari," bibi akacheka.

Basi akaenda, nami akanichukua.

Shambani kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Tulisimamishwa barabarani, juu ya mteremko, wachumaji wakiwa chini yetu na vikapu mgongoni. Nyapara alikuwa akituonyesha chipukizi linavyokatwa, mara mchumaji mmoja akaacha mstari wake akapanda hadi tulipo. Alikuwa peku, amejifunga gunia kiunoni, vidole vimepasuka na kuwa vyeusi kwa utomvu. Akasimama mbele ya mama, akainama kumtazama vizuri. Nilipouona uso wake nilishtuka. Lilikuwa paji la mama, na mwanya wa mama, huu huu nilio nao mie.

Akasema maneno machache kwa Kisambaa. Karani wa shamba, aliyekuwa akitutafsiria, hajafungua mdomo bado, mama akajibu kwa Kiswahili, "Hapana. Mie si mama yako."

Karani akamkodolea macho.

"Anataka nini?" bibi akauliza.

"Kanifananisha," mama akasema.

Yule mwanamke akajaribu Kiswahili, akiyatafuta maneno. "Mama, ni mie. Uliniambia unakwenda sokoni." Kisha akanigeukia. "Na huyu? Mdogo wangu huyu?"

Akaninyooshea mkono. Mama akaupiga ule mkono kwa mwavuli.

Nyapara akaja mbio kwa mama. "Samahani sana, bibi. Nimfanyeje huyu?"

"Waniuliza mie? Mfanyakazi ni wako."

Nyapara akamvua kikapu, akayamwaga majani yote barabarani, akamwambia siku yake imefutwa. Yule mwanamke akapiga magoti kuyazoa. Mama akainua baibui lisichafuke, akapita juu ya majani yale, na wenzetu wakamfuata. Nami nikapita. Alasiri tulicheza lelemama mbele ya nyumba ya meneja. Mama ndiye aliyeongoza, na alicheza vizuri.

Wakati wa kurudi, lori lilisimama mtoni, wenzetu wakashuka kuoga. Nilimuuliza mama hapo.

"Nilimwacha meno ya utoto yanamng'oka," akasema, bila hata kushusha sauti. "Baba yake alikufa, ndugu zake wakataka kunirithi. Nikakimbia. Mwenye mtoto mkononi hakimbii mbali."

"Si ungerudi kumchukua?"

"Baba yako nilimwambia sijawahi kuzaa. Umeviona vile vidole? Vingekuwa vyangu, na wewe ungekuwa navyo. Sasa ukimwambia baba yako, sina radhi nawe mpaka nife."

Sikumwambia.

Masika yalipokwisha, wanawake wa shamba wakaja Temeke. Tuliwapikia pilau uani kwetu. Niliwatazama mmoja mmoja nikiutafuta ule mwanya, sikuuona. Nikaketi karibu na mtu mzima kuliko wote, nikamwamkia, nikamuuliza kwa kunong'ona.

Yeye akajibu kwa sauti. "Marahaba, mwanangu. Yule aliyewasumbua nyie? Alifukuzwa kambini, yeye na kichanga chake. Mvua ilikuwa inanyesha. Mtoto hakufika hata bondeni. Mwenyewe tunasikia yuko kwenye mkonge huko chini, wengine wanasema kesha kufa."

Mama alikuwa nyuma yangu na sinia. Nilijua amesikia, kwa sababu alisimama.

"Sogea," akaniambia, "wageni wapate nyama."

Akawagawia, akimchagulia yule mzee minofu laini kwa sababu hakuwa na meno. Mzee akamshukuru, akamwambia ana mkono mzuri.

"Karibuni tena," mama akasema.

Baba alikufa bila kujua. Mama alizeekea mikononi mwangu, na hadi leo kuna watu Temeke wanaousifu ukarimu wake. Miaka ile ya mwisho, nikimwogesha, nilimuuliza jina la dada yangu. Alifikiri kwa muda, akasema amelisahau. Nadhani alisema kweli.